Mji Usio na Postikadi

Nakumbuka Bariadi ilipokuwa bado ya mkoa wa Shinyanga, na najua nikianza hivi kuna mtu atacheka. Wadogo zangu wakinisikia nikisema "enzi zetu" huniuliza nina miaka mingapi, maana joho la mahafali bado linaning'inia nyuma ya mlango na hata halijakunjamana. Lakini ninyi mliosoma nami shule ya msingi, wakati barabara ya sokoni ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, mnajua kwamba mji ule haupo tena. Mji umekua haraka kuliko sisi. Nimelifikiria jambo hili sana, pengine kupita kiasi, kwa sababu mtu anayesubiri ajira ana muda mwingi wa kufikiri.

Msimu wa pamba ndio uliokuwa sikukuu yetu. Malori yalipita yamejaa hadi juu, yakielekea kiwandani, na nyuzi nyeupe zikipeperuka nyuma yake na kunasa kwenye michongoma, kwenye nyaya, na kwenye nywele zetu. Tulicheza rede katikati ya barabara na kukimbia honi ikilia. Tukirudi tulikuwa na mvi kichwani kama vikongwe, na Mama alitupangusa kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kutugawia michembe ya viazi na chai. "Nani amekuzeesheni?" alikuwa akiuliza, na sisi tulicheka kila siku kana kwamba ni mzaha mpya.

Mama alikuwa na hoteli. Sisemi hoteli ya vyumba, bali hoteli kama tulivyoita wote: chumba kimoja cha tofali za kuchoma, bati juu, mabenchi, meko nje, birika kubwa lililokuwa jeusi chini na linalong'aa juu. Asubuhi palinukia tangawizi na chapati, mchana palinukia supu. Waliokunywa chai pale walikuwa watu wa kila namna. Walikuja wafugaji kutoka Migato na fimbo zao, wakaziegemeza mlangoni na kumwamkia Mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," kabla ya kukaa. Walikuja pia watumishi waliopangiwa kazi kutoka mikoa mingine, waliosema Kiswahili cha haraka na kufuta benchi kwa leso kwanza.

Na ukutani, juu ya mabenchi, palikuwa na postikadi.

Zilitoka kwa Mjomba Masunga, kaka yake Mama, aliyekuwa dereva wa lori la pamba. Kila mji aliofika wenye posta alinunua kadi moja na kututumia. Nyuma aliandika kila mara maneno yaleyale, kwamba amefika salama na gari ni zima. Mama alizibandika kwa uji mzito wa muhogo, picha ikitazama watu. Palikuwa na sanamu ya askari pale Dar es Salaam na magari ya zamani yakiizunguka, mnara wa saa wa Arusha, lile jiwe la Mwanza lililosimama ziwani, na mtaa mmoja wa Tanga wenye maghorofa ya roshani za mbao. Kabla sijajua kusoma ramani nilijua kwamba Moshi kuna mzunguko wenye maua. Tulikuwa na mchezo wetu wa kusafiri: mmoja alifumba macho, akagusa kadi, kisha akaeleza amekwenda kufanya nini huko. Mimi nilikuwa nagusa Dar kila mara, na kila mara nilikuwa nimekwenda kuajiriwa. Siku hizi nikikumbuka hilo huwa najiuliza kama nilijiletea mkosi mapema.

Palikuwa na mwalimu mmoja kutoka Tanga, mama wa Kiislamu, mpole. Yeye alikaa mahali pamoja tu, chini ya ile kadi ya roshani, na kama pamekaliwa alisubiri. Siku moja alininyooshea kidole. "Unaliona hili jengo? Ukipita nyuma yake, ukakata kushoto, ndipo kwetu." Nilitazama hadi macho yakauma nikitafuta nyuma ya jengo. Ndipo akamgeukia Mama.

"Mayu, nami nataka niwapelekee watu wa kwetu kadi ya Bariadi. Posta wananiambia hawana."

"Ya Bariadi?" Mama alicheka. "Mwalimu, wapige picha ya nini hapa? Ya punda?"

"Wamenipa ya tembo."

"Basi wapelekee tembo. Serengeti ni hapo tu."

Akapeleka tembo. Baadaye alituambia mama yake mzazi amejibu kwa hofu, akimsihi asitoke nje jioni, maana wanyama wa huko wanaonekana hawafungwi. Hoteli nzima ilicheka siku ile, wafugaji na watumishi pamoja. Mimi pia nilicheka. Haikunijia, wala haikumjia mtu mwingine, kwamba kila mji uliokuwa ukutani pale ulikuwa na sura yake ya kupelekwa mbali, isipokuwa mji tuliokuwa tumekaa ndani yake.

Kama kuna mtu angeweza kulirekebisha hilo ni Fundi Jilala. Alikuwa na kamera pekee mtaani kwetu, na studio yake ilikuwa kando ya barabara, ng'ambo ya pili, mkabala na hoteli ya Mama. Naiita studio lakini hapakuwa na kuta, palikuwa na nguzo mbili na pazia. Mnalikumbuka lile pazia. Alikuja kuazima kwa Mama ile kadi ya Dar, akaibandua taratibu kwa maji ya moto, akaichora kwenye shuka kubwa kwa rangi za mafuta: maghorofa, magari, minazi, bahari, na meli. Meli ilikuwa ndogo kuliko gari, lakini hakuna aliyelalamika. Kadi ilirudi na doa la bluu kwenye anga yake.

Kwa kuwa jua la asubuhi lilimpiga mteja usoni vizuri akitazama upande ule, Fundi alitundika pazia lake likiipa mgongo barabara. Kwa hiyo kila aliyepigwa picha alikuwa na barabara yetu nyuma yake, na hoteli ya Mama nyuma yake, na kati yao palikuwa na Dar es Salaam. Mtu akisimama vibaya, Fundi alinyanyua kichwa kutoka kwenye kamera na kusema, "Sogea huku. Nyuma huko hapafai." Sote tulilijua neno hilo. Tulikuwa tukiliigiza mchezoni.

Upepo ukivuta pazia na barabara ikaingia kwenye picha, haikumsumbua. Filamu zilisafishwa Mwanza, picha zikirudi alikaa kwenye kigoda na wembe na rula, akakata pembeni kila kilichozidi. Vipande vilianguka chini, kuku wakavidonoa na kuviacha. Alikuwa fundi makini. Hata leo siwezi kumkasirikia, kwa sababu alitupa tulichotaka. Watoto wa Bariadi wote tuna picha za ubatizo, za kipaimara, za Idi, za kumaliza darasa la saba, tumesimama Dar.

Kisha Simiyu ikawa mkoa. Barabara ikapanuliwa, lami ikaja, na hoteli ya Mama ikiwa imo ndani ya alama nyekundu za kubomolewa ikaondoka pamoja na nyingine. Sikuwepo. Nilikuwa bwenini, na niliporudi likizo nilipita pale mara mbili nikitafuta mahali pa kusimama ili niseme ilikuwa hapa. Postikadi zilikuwa zimegandia ukutani kwa uji ule wa muhogo, zikaenda na ukuta. Wakati ule kila mtu alifurahia lami, nami niliifurahia. Sisemi barabara irudi kuwa tope.

Yaliyonifanya niandike haya yalianza mwaka huu, uani nyumbani. Mama na mdogo wake, Mama Mdogo Minza, walikuwa wanachambua mchicha, Mama akasema kitu kuhusu ukuta wa kijani wa hoteli.

"Kijani wapi?" Mama Mdogo akasema. "Ulikuwa bluu."

"Minza, niliupaka mimi mwenyewe."

"Uliupaka bluu wewe mwenyewe. Nilishika ngazi."

"Kijani. Na dirisha lilikuwa kushoto kwa mlango."

"Dirisha? Dada, dirisha la nani? Moshi ulikuwa unatokea mlangoni."

Walicheka, wakabishana, wakaniita niamue. Nilifungua mdomo nikagundua kwamba sijui. Niliona birika, niliona kadi, niliona doa la bluu, lakini ukuta wa nje ulikuwa hauna rangi kabisa kichwani mwangu. Mama alinitazama akisubiri, kisha akainamia mchicha wake.

"Labda na ukubwa wake naukosea," akasema. "Labda kilikuwa kibanda tu."

Alilisema polepole, kama anayeomba radhi kwa kuwa aliwahi kujisifu. Mimi nilisoma kwa chai iliyouzwa pale. Miguu yake imevimba kwa sababu ya kusimama pale. Sikuweza kuvumilia kumwona akianza kuwa na shaka na kitu pekee alichojenga kwa mikono yake, kwa sababu tu hakuna aliyekipiga picha.

Nikaanza kutafuta. Nilizunguka kwa majirani wa zamani nikiomba albamu, nikageuza picha moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa na ile meli ndogo na pembe zilizokatwa kwa wembe. Fundi Jilala alishafariki, na filamu zake watoto wake walizichoma na takataka. Mama Mdogo alinicheka mlangoni. "Msomi, siku hizi unatafuta ajira au unatafuta ukuta?" Usiku nilikuwa nawaza pengine ni kweli, natafuta ukuta kwa sababu ajira haitafutiki.

Mwishowe nilikwenda Lamadi, anakoishi Mjomba Masunga tangu alipoacha udereva. Nyumba yake inatazama barabara kuu, nadhani ili aendelee kuhesabiwa miongoni mwa magari. Tulikula sato, akaniuliza habari za kazi, nikamjibu kwa mafumbo. Kisha nikainua macho, nikamwona ukutani, kijana, mkono kiunoni, amesimama mbele ya pazia la Fundi Jilala. Picha ilikuwa pana kuliko zote nilizowahi kuona.

"Hii mbona haikukatwa?"

"Nani aikate? Nilipigwa asubuhi nikaondoka na gari. Filamu ilipofika Mwanza mimi nilikuwa hukohuko, nikaichukua palepale iliposafishwa. Jilala aliichukia sana. Alisema nimemwaibisha, nimetembea na barabara ya watu."

Nilisogea. Pazia lilikuwa limevutwa na upepo, na kushoto, pale Dar es Salaam ilipoishia, palikuwa na mwanya mwembamba wa Bariadi. Palionekana kona ya bati. Palionekana kipande cha ukuta, na juu yake pembe ya kitu cheusi ambacho ningeapa ni fremu ya dirisha. Palionekana mwisho wa benchi, na mkono wa mwanamke, kuanzia kwenye kiwiko, umeinua birika.

"Ichukue," Mjomba akasema. "Sura yangu naijua."

Mama aliishika picha ile kwa muda mrefu. Mama Mdogo alikuja akainama begani kwake. Rangi zilikuwa zimeliwa na miaka, picha nzima imekuwa nyekundu kama udongo wa kichuguu, na ukuta ungeweza kuwa wa rangi yoyote.

"Bluu," akasema Mama Mdogo, lakini kwa upole.

"Huu mkono ni wangu," Mama akasema. "Nilikuwa namwita Masunga aje anywe chai kabla hajaondoa gari. Na dirisha lile pale." Aligusa mwanya ule kwa kidole, akaufuata toka juu hadi chini. "Kumbe kila asubuhi nilikuwa nyuma yao wote."

Mimi niliwaza picha zote nilizozigeuza wiki zile, na vipande vilivyodonolewa na kuku, na kwamba katika vingi vya vipande vile Mama alikuwemo, anamimina, anafuta meza, anacheka na mwalimu wa Tanga.

Zamani picha ilikuwa moja kwa mwaka, na tuliiogea kabla ya kupigwa. Leo wadogo zangu wanapiga nyingi kabla ya kunywa chai, na tungetegemea kwamba mji huu sasa umehifadhiwa hadi mawe yake. Nilizipitia simu zao. Wana mtindo wa kufifisha kila kilicho nyuma, mtu abaki peke yake katikati ya ukungu, na wakipiga mtaani huniomba niwasogezee ndoo, nimfukuze mbuzi, nimwombe muuza mahindi apishe kidogo. Nilitaka kuwacheka, nikakumbuka meli ndogo kuliko gari. Sisi angalau tulichora kitu pale tulipojificha.

Jioni ile Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, picha ya Mjomba mapajani. Nyuma yake palikuwa na jiko, sufuria zilizofunikwa, kanga kwenye kamba, ukuta wetu uliomenyeka rangi, na kwa mbali lori likipita kwenye lami. Nikatoa simu. Alinyoosha kitambaa kichwani, akatazama nyuma yake, akaanza kuinuka.

"Ngoja nisogee, mwanangu," akasema. "Nyuma huku hapafai."

Nikamwambia akae hapohapo.