Ufunguo Uliobaki kwa Mtani

Skrini ilikuwa ya buluu. Maandishi meupe juu yake yalinitaka niandike tarakimu arobaini na nane ambazo sikuwahi kuziona maishani mwangu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa sebuleni, jirani anatwanga.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na sauti ya mama. Wiki mbili kabla, kiharusi kilimwangusha shambani kwake Kwihara, tukamkimbiza hospitali ya Kitete, na tangu siku hiyo hakutamka neno. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikimrekodi kwa simu: nyimbo za kulima, habari za babu yake aliyebeba mizigo mpaka pwani akarudi, namna ya kutambua uyoga unaolika. Simu iliingia maji mwaka uliopita, wala sikusikitika, kwa sababu kila kitu nilikwisha kukihamishia kwenye kompyuta. Nakala nyingine sikuwa nayo popote.

Jana yake, mama aligusa sikio lake kwa ule mkono mmoja unaomtii, akanitazama. Akarudia. Mama mdogo, anayemuuguza, ndiye aliyeelewa.

"Anataka kujisikia," alisema. "Zile sauti ulizomrekodi. Kesho usije mikono mitupu."

Nikaahidi.

Asubuhi niliichomeka kompyuta ijae chaji, nikaiwasha. Kama umewahi kununua kompyuta mpya, unajua kwamba huja na programu ambazo hukuziomba: michezo, ulinzi wa majaribio unaokutisha kila mwezi, na kijiprogramu cha mtengenezaji kinachojitokeza pembeni kusema kuna sasisho muhimu. Kwa miezi mingi nilikuwa nakifunga. Siku hiyo niliogopa kupuuza chochote kilichoitwa muhimu, nikabonyeza "ndiyo". Ikajizima, ikawaka, ikaleta ile buluu.

Nitakueleza kilichotokea kama nilivyokuja kukielewa baadaye, maana hofu yangu nusu yake ilikuwa ya kutojua. Kompyuta nyingi za siku hizi hutoka kiwandani zikiwa tayari kufunga kila kilichomo kwa kufuli lisiloonekana. Siku zote kufuli hilo hujifungua lenyewe, nawe hujui kama lipo. Lakini likihisi kitu cha ndani kimebadilika, kama vile sasisho lile lilivyobadilisha, linakushuku kuwa wewe ni mwizi, na linadai ufunguo. Ufunguo huo hutunzwa kwenye akaunti ya barua pepe ya mtu wa kwanza kuifungua kompyuta ilipokuwa mpya.

Siku hiyo nilijua tu kubeba mashine kwapani hadi kwa fundi karibu na soko. Aliitazama kwa sekunde chache.

"Hii rahisi, mwalimu. Ina mfumo wake wa akiba humo humo ndani. Narudisha kama ilivyotoka dukani. Nusu saa."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo vinakwenda."

Aliponyoosha kidole kuelekea kitufe, nilimshika mkono. Nilimshika kwa nguvu hata akacheka. "Taratibu, mwalimu, sijabonyeza!"

Wanafunzi wangu huwa nawaeleza hivi: kwenye kompyuta mpya kuna chumba kilichofichwa, kama kile cha ndani kabisa kwenye tembe, zile nyumba za udongo za zamani, ambamo watu waliweka mbegu. Mengine yote yakiharibika, unaichukua ile mbegu na kuanza upya. Lakini ni mbegu ya mtengenezaji. Mavuno yako hayamo. Nilikuwa nimelisema hilo darasani mara nyingi kwa sauti ya furaha. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi, mavuno yangu yakiwa kidole kimoja tu kutoka kwenye kufutika.

"Nani aliifungua mara ya kwanza?" fundi aliuliza. "Ufunguo uko kwake."

Nikakumbuka.

Siku kompyuta ilipofika, niliitoa kwenye boksi ofisini kwa walimu. Tulikuwa na mwalimu mwenzetu Mzaramo, mtani wangu. Wanyamwezi na Wazaramo tumetaniana tangu misafara ya wahenga: wetu wakishuka na mizigo, wao wakitupokea pwani. Mtani anaweza kukunyang'anya kitu mbele ya watu, nawe huruhusiwi kukasirika, unakikomboa. Basi alinipokonya kompyuta, akaifungua kwa barua pepe yake, skrini ikamkaribisha yeye kwa jina lake.

"Mateka wangu huyu!" alipiga kelele. "Mnyamwezi, ukimtaka, lete asali. Na uibebe kichwani, kama babu zako."

"Babu zangu walibeba, wa kwenu wakakaa kivulini kuwauzia maji ya kisima," nilimjibu. Ofisi nzima ikacheka. Kesho yake nikampa chupa ya asali, naye akanitengenezea jina langu la kuingilia, akanirudishia kompyuta kwa heshima zote. Kwa desturi yetu mateka alikuwa amekombolewa. Lakini mlango mkuu ulibaki kwa jina lake, na wala hakuna kati yetu aliyekumbuka. Muhula uliofuata alihamia kwao Kisarawe.

Nikampigia. Haipatikani. Nikampigia tena nje ya duka la fundi, nikampigia njiani kwenda Kitete, nikampigia getini. Haipatikani. Nilianza kuwaza mambo: kwamba amebadilisha namba, kwamba ameisahau ile barua pepe, kwamba amekufa na mimi sikuambiwa. Niliona aibu kwamba kati ya hayo yote, wazo lililonitisha zaidi halikuwa kifo chake. Lilikuwa ufunguo.

Saa ya kuwaona wagonjwa, mama aligusa sikio lake.

"Kesho, mama," nilisema. Aliendelea kunitazama. Mama mdogo alinifuata hadi mlangoni.

"Imeharibika, siyo?"

"Imejifunga."

"Daktari hajasema kama sauti itarudi," alisema kwa kunong'ona. "Ukizipoteza zile, mimi sitakulaumu. Lakini huyu tutamwambia nini?"

Kesho yake saa mbili na nusu asubuhi simu ikaita.

"Mnyamwezi! Missed call kumi na tisa! Umekosa mzigo wa kubeba?"

"Mtani, shida." Akasema alikuwa msibani, simu imezimika; nami nikamweleza yote kwa pumzi moja: kompyuta imejifunga, nina mama asiyesema, ufunguo uko kwake. Nilitarajia anipe pole. Lakini watani hatupeani pole hivyo. Palipo na uchungu ndipo tunapotania zaidi.

"Kwa hiyo mpaka leo ni mateka wangu," alisema. "Asali yenyewe ilikuwa na maji."

"Mtani, natetemeka."

"Tetemeka ukiwa na kalamu mkononi. Subiri."

Neno la siri la kwanza alilojaribu kwenye barua pepe yake lilikataa. La pili likakataa. Nilimsikia akipumua, hatanii tena. La tatu likakubali.

"Funguo ziko mbili," alisema. "Mbili, mtani. Moja itakuwa ya kompyuta yangu mwenyewe. Ipi yako?"

Nilitaka kulia. Kisha nikaona, chini ya maandishi meupe, herufi na namba nane: kitambulisho cha ufunguo, ambacho tangu jana sikukitazama kwa sababu ya woga. Nikamsomea. Akasema, "Hii hapa." Akaanza kunisomea sita sita, mafungu manane, nami nikirudia kila fungu kama mtoto wa darasa la kwanza. Fungu la tano nilikosea. Mashine ilikataa. Tukalisoma upya.

Ikafunguka.

Mchana nilikuwa Kitete. Nilichomeka flashi kwanza, nikaanza kunakili, na huku mstari wa kijani ukijivuta polepole, nikafungua rekodi moja ya nyimbo za kulima. Sauti ya mama ikatoka, nzima, ya kufoka kidogo, ikianza kwa salamu ya kwetu kama ilivyoanza siku zote: "Mwangaluka!"

Mama mdogo akaiitikia bila kufikiri. Midomo ya mama ilifunguka ikafuata maneno, na hakikutoka chochote ila pumzi. Sikujua kama anafurahi au anaogopa. Nilipotaka kuzima, alinishika mkono, kama mimi nilivyomshika fundi.

Niliacha iimbe. Mkono wangu mwingine sikuuondoa kwenye flashi mpaka mstari ulipofika mwisho. Kisha nikaichomoa, nikampa mama mdogo, akaifunga kwenye pindo la khanga yake, akakaza fundo mara mbili, akalivuta kwa meno kuhakikisha.