Siku Ba'mdogo Alipocheza Shemeji

Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, ukungu bado haujaondoka kwenye mikaratusi, ndipo aibu yangu ilipoanza, na naiandika hapa kwa sababu kuisimulia kwa mdomo siwezi, hata Halima rafiki yangu akiniuliza nageuza mazungumzo.

Mimi ni mtu wa haya. Darasani nikiulizwa swali naliangalia dawati kana kwamba ndilo litakalojibu. Sasa klabu yetu ya haki za wasichana ikaalikwa kuigiza kijijini kwetu, huku juu njia ya Irente, mbele ya wageni kutoka nje wanaokusanya sauti za wanawake wazipeleke kwenye mkutano mkubwa wa mataifa, na Mwalimu Rehema alipogawa sehemu mimi nikawahi ya mjane, kwa akili zangu zote (akili gani!), kwa kuwa mjane wa igizo lile haongei, analia tu shemeji yake akimnyang'anya shamba. Kulia naweza. Nikaazima kanga ya mama, nikaona nimemaliza.

Mwenzetu wa kucheza shemeji akaamka na homa. Mwalimu akashika kipaza sauti: "Wazazi, nani atatusaidia? Maneno si ya kukariri, unasema tu vile mashemeji wanavyosema!" Watu wakacheka, na kwenye benchi la mbele akasimama ba'mdogo Sufiani, mdogo wake marehemu baba.

Hapa lazima nieleze. Ba'mdogo anapendwa. Kijiji kizima kinajua ndiye anayetulea mimi na mama tangu baba afariki. Kinachojulikana nyumbani kwetu tu ni kwamba bonde letu la kabichi, lile lenye maji ya mfereji, baba alimwachia mama kwa mdomo, bila karatasi, na ba'mdogo akakubali kunyamaza kwa sharti kwamba kila mavuno matenga ya kwanza yanakwenda kwake. Mama anatoa, na anasema ahsante. Yanayobaki ndiyo yananisomesha.

Basi akacheza. Alicheza vizuri mno, jamani, ananizunguka na bakora yake, "Wee mwanamke! Ulikuja hapa na nini? Si kanga hiyo hiyo? Shamba la ukoo hili!" Watu hoi. Mgeni mmoja anarekodi. Mimi najitahidi kulia, machozi hayaji, na kadiri yasivyokuja ndivyo watu walivyozidi kucheka, mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Mjane gani huyo, kama anasubiri harusi!" na Mwalimu kule pembeni ananifanyia ishara, jibu, jibu.

Nikajibu. Sijui sauti ilitoka wapi. Yalikuwa maneno ya mama, yale anayoyasema peke yake akichambua maharage, akidhani sisikii: "Shemeji, mbele ya kaburi la kaka yako ulisema bonde ni la mtoto wake. Mbona kila mavuno matenga ya kwanza unabeba wewe, halafu watu wanakuita mlezi?"

Kicheko kilianza kikakatika. Wazee wa benchi la mbele wakatazamana. Ba'mdogo akatabasamu (bado naliona lile pengo la jino), akasogea kwenye kipaza sauti, akasema taratibu:

"Haya, mama. Kama matenga yanakuuma, kuanzia leo bonde linarudi kwa ukoo."

Makofi! Vigelegele! Wengi walidhani ni igizo, na waliong'amua kwamba si igizo walipiga makofi pia, kwa sababu ungefanya nini. Yule mgeni aliyekuwa anarekodi, mwanamke wa makamo, alinikumbatia, akasema, Mwalimu akitafsiri, kwamba sauti yangu itafika mbali. Mwalimu ananipigapiga mgongo, "Zai! Kumbe unaweza hivi! Kama kweli vile!" Mimi namtafuta mama kati ya wanawake. Alikuwa ameshashusha mtandio usoni, anaondoka.

Jioni nilimweleza Mwalimu Rehema yote. Akasema lipo baraza la ardhi la kata, sheria inamtambua mjane, atamsindikiza mama. Nikakimbia nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyebeba dawa. Mama alikuwa jikoni, anapuliza moto.

"Mwalimu atashuka Lushoto," akasema. "Wageni watapanda ndege. Mimi na shemeji tunachota mfereji mmoja."

"Lakini mama, nilichosema si kweli?"

"Ni kweli. Ila kilikuwa changu, Zai. Nilikifunga kwenye pindo la kanga yangu, na wa kukifungua ni mimi."

Hakunipiga, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nimejiapiza, haki ya mtu sitaitangaza tena kabla sijamuuliza mwenyewe, hata mataifa yote yawe yamekaa yananisubiri.

Asubuhi mama aliniamsha mapema. "Nenda kamsalimie ba'mdogo wako." Hakusema kaombe msamaha, alisema kamsalimie tu. Nikaenda. Alikuwa ameketi kizingitini, anapiga mswaki kwa kijiti. Nikapiga goti kwenye umande.

"Shikamoo, ba'mdogo."

Nikasubiri marahaba. Akatema mate pembeni, akanitazama tangu kichwani hadi magotini.

"Leo tunaigiza nini?"

Akaingia ndani, akarudishia mlango. Nilibaki pale chini kidogo, maana mtu ambaye hajaitikiwa hajui ainuke saa ngapi. Kisha nikashuka bondeni. Mama alishafika, anawahi kabla watu wa ukoo hawajashuka, anakata kabichi ambazo hazijafunga, changa kabisa, majani matupu, anazipanga kwenye tenga bila kuinua uso. Nikavua ndala, nikachukua kisu cha pili, nikaanza mstari wa upande wangu.