Mluzi wa Baba na Diski Mpya

Mwanangu alikuwa halali usiku wala mchana. Naanzia hapo kwa sababu mengine yote yalitoka hapo. Mtu ambaye hajawahi kukaa na mtoto mchanga asiyelala hajui ninaongelea ukungu gani. Unatembea, lakini miguu kama umeazima. Mteja anakwambia anataka kopi ngapi, unaitikia, halafu unamuuliza tena. Ulikuwa msimu wa pamba. Malori yalipita Bariadi yakielekea kiwandani, na vinyweleo vyeupe vilidondoka barabarani vikaingia kwangu polepole, vikatua juu ya printa na kwenye nywele za mtoto, nami nilikuwa navitazama nikiwa sina hakika kama niko macho.

Chumba cha mbele nimekigeuza steshenari. Nachapa barua, natoa kopi, natengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi. Kompyuta yangu ni ya mezani, imechoka, ukiiwasha unaweza kumbadilisha mtoto nepi na kuosha mikono kabla haijakaa sawa. Lakini ndicho chombo pekee katika nyumba ile ambacho ni changu peke yangu. Kitanda ni chetu, sufuria ni zetu, redio ni ya mume wangu. Kompyuta ni yangu.

Na ndani yake kulikuwa na mluzi wa baba.

Baba alikuwa mfugaji kule Kimali, Meatu. Ng'ombe wake jioni hawakusukumwa kwa fimbo, waliitwa. Alisimama langoni mwa zizi akapiga mluzi mrefu unaopanda, ukashuka, ukayumba kidogo kama mtu anayetafuta neno, na kutoka vichakani ungeona migongo inaanza kusogea. Walikuja mpaka langoni wakasimama. Hawakuingia. Walisubiri milio miwili mifupi ya mwisho, fyu, fyu, ndiyo ruhusa. Hapo ndipo waliingia mmoja mmoja wakigusana mapaja. Wachungaji wengi wa kule wanafanya hivyo, siyo yeye tu, ila mimi nilikua nikiamini jioni haiwezi kuingia bila baba kuiruhusu.

Halafu ukaja ukame. Ng'ombe wengine walikufa wamelala, waliobaki akaamua kuwapeleka mnadani kabla hawajawa ngozi. Mimi wakati huo nilikuwa na mimba kubwa, nikaenda kumtazama. Jioni ya mwisho nilisimama nyuma yake nikiwa nimeshika simu, nikarekodi. Unasikia upepo, kengele ya shingoni, halafu mluzi. Kabla hajafika kwenye ile miwili ya mwisho aligeuka akaniona.

"Zima hicho kidude, mayu," akasema; ndivyo anavyoniita, mama kwa Kisukuma.

Nikazima. Kwa hiyo rekodi yangu inaishia hewani.

Baada ya mnada akaja kukaa kwetu. Anakaa kwenye benchi mlangoni pa steshenari, wateja wanamsalimia, "Mwadila, baba," anaitikia vizuri, anacheka hata. Lakini mluzi hakupiga tena. Niliwahi kumwomba ampigie mjukuu wake, kidogo tu.

"Nimwite nani?" akaniuliza. Aliuliza kweli, kama anataka nimtajie.

Kujaribu mwenyewe nilijaribu. Kwetu mwanamke hapigi mluzi. Mama mkwe wangu anasema unaita nyoka, na alilisema hilo akiwa jikoni huku ananitazama midomo. Nilifunga mlango nikapiga hivyo hivyo. Ulitoka upepo tu, na mtoto akanishangaa kisha akaendelea kulia.

Rekodi ndiyo iliyomnyamazisha. Nilikuwa natafuta kitu kingine kwenye simu, kidole kikaigusa, na mtoto akaacha kulia katikati ya kilio, mdomo bado uko wazi. Akasikiliza. Akalala. Nikaihamishia kwenye kompyuta ili nitumie spika, na ikawa bahati, maana baadaye simu ilitumbukia kwenye beseni la nguo ikafa. Usiniulize kwa nini sikuiweka kwenye flashi. Flashi yangu ni ya kazi za watu na ina virusi vya mkoa mzima.

Ikawa desturi. Mchana nikiwasha mluzi, mtoto analala, na baba anainuka, anavuka barabara, anakwenda kukaa upande wa pili mpaka uishe. Mtoto halali sana. Baada ya kama nusu saa anashtuka, anatazama huku na huku kama kuna mtu aliyemwahidi kitu. Lakini nusu saa kwangu ilikuwa karamu. Niliweka kichwa juu ya meza, nikaona migongo ya ng'ombe ikipita katikati ya vinyweleo vya pamba, nikawa mtoto, nikawa langoni.

Sasa mume wangu. Anafanya kazi kiwanda cha pamba, ni mtu mwema, kila mtu anasema. Nilikwenda kliniki na mtoto, niliporudi meza ilikuwa tupu.

"Kompyuta iko wapi?"

"Subiri, mama. Nimekufanyia sapraizi."

Sapraizi ilirudi jioni kwenye bodaboda, imefungwa kwa kanga yangu. Alikuwa ameipeleka kwa fundi ikawekwa diski mpya, zile za kisasa zisizozunguka. Fundi amenakili kila kitu, akasema, na kule kwake imewaka kufumba na kufumbua. Alikuwa anatabasamu kama aliyeniletea ng'ombe wa maziwa. Nikachomeka waya. Nikabonyeza.

Kioo cheusi. Halafu mstari mmoja wa maandishi meupe, Kiingereza, ukisema haioni kifaa cha kuwashia.

"Kwa fundi iliwaka," akasema.

"Kwa fundi," nikasema.

"Labda imechoka na safari."

Nilikuwa na maneno mengi na mtoto alikuwa begani. Nilimwambia tu asiguse kitu changu tena bila kuniuliza, nikalisema taratibu sana, na nadhani utaratibu ule ndio uliomtisha, maana alitoka kwenda kununua mkaa na mkaa ulikuwepo.

Siku iliyofuata mtoto alilia kuanzia asubuhi. Nilimfunga mgongoni nikafungua kava la kompyuta kwa bisibisi. Nikachomoa waya wa diski nikaurudisha, nikapuliza vumbi. Nikawasha, mstari ule ule. Nikaingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio unaokuja ukibonyeza kitufe kabla mashine haijaamka. Diski mpya ilikuwemo, jina lake limeandikwa vizuri, ukubwa wake upo. Nikaipandisha iwe ya kwanza kwenye foleni. Mstari ule ule. Yaani mashine inaiona diski, inaitazama machoni, halafu inasema sijaona mtu.

Nikampigia fundi kwa simu ya mume wangu.

"Zima uwashe, dada."

"Nimezima nimewasha mpaka kitufe kimepata moto."

"Basi ilete tupige windo upya. Kazi ndogo."

"Ukipiga windo upya vitu vyangu vinabaki?"

"Vitu gani, kwani? Si kadi za harusi tu?"

Nikakata. Kupiga windo upya kwa fundi yule ni kufuta. Nimeshaona watu wakilia pale kwake, amefuta picha za harusi huku anakula karanga.

Mtoto alichoka kulia akawa na kwikwi tu mgongoni, nami nikakaa chini sakafuni karibu na ile mashine iliyofunguliwa tumbo. Jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya chumba. Vinyweleo vya pamba vilielea kwenye mwanga, vingine vinapanda badala ya kushuka. Nilitazama ile diski nyembamba, mpya, safi, haina hata mkwaruzo, na nikasikia harufu ya mavi ya ng'ombe. Siwezi kueleza. Hapakuwa na ng'ombe.

Nilipokuwa mdogo, baba alihamisha zizi. La zamani lilikuwa bondeni na maji yalikuwa yakituama, akajenga jipya juu, miiba mizuri, lango imara. Desturi ya mfugaji wa kule, ukihamisha zizi unabeba mavi makavu ya zizi la zamani kwenye gunia, unayamwaga langoni pa jipya. Ng'ombe akinusa anajua ni kwake. Mwaka ule baba alikuwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja. Aliwaingiza kwa fimbo bila gunia. Alfajiri tukakuta ukuta wa miiba umebomolewa na zizi halina kitu. Wote walikuwa bondeni, wamesimama ndani ya zizi la zamani, kwenye matope, wanacheua. Ilibidi baba ajaze gunia pale pale mbele yao, wakitazama.

Nikainuka. Kwa fundi iliwaka, kwangu haiwaki. Diski ni ile ile, mashine ni ile ile. Kwa fundi kulikuwa na nini ambacho hapa hakipo?

Diski ya zamani.

Nilifunga kava, nikaita bodaboda, kompyuta nimeipakata, mtoto mgongoni. Baba akauliza kutoka benchini, "Mayu, unahama?"

"Nafuata gunia," nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa kama vile ni jibu.

Fundi alikuwa na banda karibu na stendi, limejaa mashine za watu zilizokufa. Diski yangu ya zamani ilikuwa kwenye boksi la viatu, juu yake imeandikwa neno moja kwa kalamu: KUUZA.

"Uliambiwa na nani uiuze?"

"Mumeo alisema niichukue. Wewe una mpya."

"Haikuwa yake kukupa. Ichomeke."

"Dada, ile imeshapita."

"Zichomeke zote mbili, kama siku ile."

Akachomeka, kwa kunionea huruma, au labda kwa kuniogopa. Mashine ikawaka. Kufumba na kufumbua, hapo mume wangu hakusema uongo. Fundi akafungua mikono kwa wateja wengine, kuonyesha kwamba tatizo ni mimi.

"Chomoa ya zamani," nikasema.

Akachomoa, akawasha. Kioo cheusi, mstari mweupe. Mikono ikashuka.

Ilikuwa hivi: kwenye diski ya zamani kulikuwa na kipande kidogo pembeni, hakina picha wala barua, kazi yake ni kuiambia mashine pa kuanzia. Fundi alinakili kipande kikubwa chenye vitu akaona kile kidogo hakina maana. Siku ya majaribio diski zote mbili zilikuwa ndani, mashine ikaanzia kwenye zizi la zamani ikavuka kwenda jipya, na hakuna aliyegundua. Ilibidi amege nafasi kidogo kwenye diski mpya, atengeneze kipande kile, aandike amri moja ya kuhamisha yale ya kuanzia. Alifanya bila kunitazama. Alipomaliza akachomoa ya zamani tena, akawasha, tukangoja. Ikawaka.

"Hiyo nayo nakwenda nayo," nikasema, nikachukua diski ya zamani kutoka mkononi mwake. Nikamwachia boksi lake.

Nyumbani nikachomeka spika kabla sijavua hata viatu. Faili lilikuwa mahali pake. Mtoto alikuwa anaanza tena, uso umejikunja. Nikawasha.

Upepo. Kengele. Mluzi ukapanda, na mtoto akanyamaza, nikahisi mwili wake wote ukilegea mgongoni, uzito ule mtamu. Baba akainuka kwenda zake kama kawaida. Lakini hakuvuka.

Mbele ya mlango mkokoteni wa maji ulikuwa umesimama. Huwa unapita hapo kila siku asubuhi, kabla sijawasha mluzi, ukivutwa na maksai mwekundu mwenye pembe moja iliyoinama. Maksai alikuwa amegeuza kichwa kwangu, masikio mbele. Mwenye mkokoteni akavuta kamba, hakusogea. Akampiga, hakusogea. Madumu yalikuwa yanagongana.

"Ana nini huyu leo?" yule kijana akalalamika.

"Mmemtoa wapi?" baba akauliza.

"Mnadani, huko Meatu. Sijui wa nani."

Rekodi ilikuwa imefika mwisho wake, pale inapokatika. Kimya. Maksai bado amesimama, anatazama mlango wangu.

Kijana akainua tena fimbo. Baba akaishika kwa juu, bila nguvu.

"Usimpige. Hajaambiwa."

Akasogea mpaka karibu na sikio la yule maksai. Hakumgusa. Akalamba midomo, na nikaona imesahau. Mara ya kwanza ulitoka upepo, kama wangu. Akalamba tena.

Fyu. Fyu.

Maksai akashusha kichwa, akavuta, mkokoteni ukaondoka na madumu yake. Baba alisimama pale barabarani mpaka ulipokata kona. Vinyweleo vya pamba vilikuwa vimemtua mabegani, hakuvipangusa.

Aliporudi alikaa benchini, mgongo kwangu.

"Kile kidude chako kina kasoro," akasema. "Hakina mwisho."

"Ulisema nizime."

Akageuka, akamtazama mtoto mgongoni mwangu.

"Ndiyo maana mtoto anaamka," akasema. "Anasubiri." Halafu akasogea, akaacha nafasi kwenye benchi. "Mlete hapa."