Witri Tuliyoisali Mara Mbili

Enzi zetu, nasema, na nishawasikia mnacheka. Enzi zipi, kigoli we, na juzi tu ulikuwa ukimbeba mdoli wa matambara? Chekeni. Nina miaka kumi na saba, na wala sikusoma kwingi. Niliishia msahafu na darasa la tano. Lakini nyinyi mlioshuka Matrah, huku Omani, mwaka ule ule nilioshuka mimi, na furushi moja na mama aliyevimba macho, mnajua kwamba miaka sita yaweza kuwa enzi nzima.

Mimi ni mtu wa kucheka, waulizeni wenzangu. Hukaa dirishani nikaota nina nyumba yenye baraza na vyungu vya mrehani, mpaka wali ukaungua. Ila likitajwa jambo hili la witri, ile sala ya kufungia usiku, hasira hunipanda kama limetokea jana.

Mnaikumbuka Ramadhani yetu ya kwanza hapa? Ilikuwa wakati wa baridi, milima imekaa nyuma ya nyumba kama masizi ya jungu, na sisi kutwa tukicheza nage nyuma ya soko huku vitoto vya mtaani vikitupigia kelele, "Zinjibari! Zinjibari!" Tukivijibu kwa Kiswahili maneno ambayo mama zetu wasingeyapenda. Ikikaribia magharibi tunakimbilia jikoni kunusa. Uji wa pilipili manga, tambi za nazi kama nazi imepatikana, na harisi waliyotuletea majirani, ambayo mwanzo tuliikunjia pua na baadaye tukaigombania. Wadogo zetu wa sasa wakifunga nusu siku wanataka wapewe redio wabembelezwe. Sisi tulifunga na nage tukacheza, na maji ya kisima tukabeba.

Tulikuwa tunakaa kwa Shangazi Zuwena, binti wa ami yake Baba, aliyehamia Matrah miaka mingi kabla yetu. Baba alikuwa Kuwait akitafuta kazi. Chumba kimoja cha juu alitupa sisi: mimi, Mama, na Bibi, mamake Baba. Babu hakuwapo. Ramadhani iliyotangulia ilitukuta Unguja siku chache baada ya machafuko, na ndiyo iliyotuchukulia Babu. Hayo sitayaeleza hapa.

Babu alikuwa imamu wa mtaa wetu miaka thelathini. Kwa hiyo Ramadhani ilipoingia, wanawake wa Kiunguja waliokuwa Matrah walimwambia Bibi, "Tusalishe wewe, Bi Maryamu, nyumba yako ndiyo nyumba ya sala." Baada ya isha wakija na kanga zao za kusalia, busati linatandikwa sebuleni kwa Shangazi, na Bibi anasimama katikati ya safu. Hapo tu ndipo nilipomwona mgongo wake ukinyooka. Mchana kutwa alikuwa mgeni anayeomba ruhusa ya kuchukua kijiko. Usiku, kwa saa moja, alikuwa mtu.

Likafika fungu la pili la mwezi. Nyote mnajua, kwa sisi watu wa Shafi, ukiingia usiku wa kumi na sita witri inaongezewa kunuti: ukiinuka kwenye rukuu ya mwisho unasimama, unaomba dua, na walio nyuma wanaitikia amin. Mwaka mzima kwenye witri haimo, nusu ya pili ya Ramadhani imo. Bibi akainuka kwenye rukuu. Akanyamaza. Akanyamaza kidogo zaidi ya kawaida. Kisha akatoa takbira, akenda sijda, na sisi tukamfuata.

Salamu haijatulia mabegani, Shangazi akapiga kofi la mikono.

"Kunuti iko wapi, Bi Maryamu?"

Bibi akajishika mdomo. "Yallah! Nimesahau."

"Umesahau! Watu wameacha vyombo vyao na watoto wao, weye umesahau. Hii si sala tena. Inukeni, inukeni nyote, tunasali upya. Ntasalisha mie. Na kesho pia, maana mtu akishafika umri huu, akili nayo hushika njia yake."

Na mle mna wanawake kumi na wawili, wengine wamelishwa na Bibi utotoni mwao. Wote wakainuka, wakatengeneza kanga zao.

Mimi nilikuwa najua. Kwenye chuo cha Kurani Unguja, Maalim alitukaririsha kwa fimbo ya mpera: aliyesahau kunuti akishaweka paji la uso chini, asirudi, atasujudu sijda mbili za sahau kabla ya salamu. Kama ameshatoa salamu na muda haujapita, asujudu, atoe salamu tena, basi. Na asiposujudu kabisa, sala yake ni sala. Kisha, witri haisaliwi mara mbili katika usiku mmoja. Yaani aliyesahau alikosa kidogo sana, na aliyejifanya kurekebisha ndiye aliyevuruga. Nilifumbua mdomo niseme. Mama akanifinya paja mpaka machozi yakanitoka.

Tukasali upya. Shangazi aliisoma kunuti akiivuta, akiipandisha na kuishusha, utadhani harusini.

Asubuhi nikamkuta Bibi anachambua mchele.

"Bibi, si zilikuwa sijda mbili tu?"

"Mbili tu, mwanangu."

"Na witri si haisaliwi mara mbili?"

"Haisaliwi."

"Basi mbona hukusema?"

Akapuliza makapi. "Nnakaa kwa nani mie? Babako hajaleta khabari miezi mitatu. Nikimuumbua mwenye nyumba mbele ya watu, tutalala wapi?" Kisha akasema bila ya kuniangalia: "Unajua ilikuwaje? Miaka yote hiyo mie nilikuwa nyuma ya pazia. Kunuti ikiletwa na babu yako, yangu mie ilikuwa amin. Jana nimeinuka kwenye rukuu, nikamsubiri. Nikamsubiri aanze. Niliposikia kimya ndipo nikenda sijda."

Sijui nyinyi mngefanya nini. Mimi nilitoka nikapiga teke ndoo ya maji, na maji yale niliyachota mwenyewe.

Usiku wa siku ile wanawake wamejipanga, Shangazi yuko katikati anajitengeneza kanga. Bibi amekwenda mwisho wa safu, ukutani. Nikasema kwa sauti:

"Shangazi, jana tumesali witri mbili. Haifai. Na ya Bibi ilikuwa sahihi."

Akageuka. Hakunipiga; laiti angenipiga. Akamtazama Bibi, akatabasamu.

"Haya, Bi Maryamu. Weye ndiye mke wa imamu. Mjukuu wako asema kweli?"

Wote wakageuka ukutani. Mama akanivuta kanga. Nikamtazama Bibi, nikamsihi kwa macho: sema, neno moja tu, sema.

"Huyu huota tu, Zuwena," Bibi akasema. "Tangu mdogo. Usimsikilize. Salisha."

Wakacheka. Wote, na wale aliowalisha. Nami nikamchukia Bibi, Mungu anisamehe, nilimchukia kwa ile sala nzima. Mpaka ilipofika kunuti. Shangazi akaanza kuvuta sauti yake, wanawake wakaitikia amin za ovyo, na kutoka kule ukutani ikaja amin moja ya mtu anayelia kwa adabu, iko katika wakati wake barabara, haikuchelewa wala kutangulia. Hapo hasira yangu ikamwacha Bibi ikawahamia wengine wote, na huko ndiko iliko mpaka leo.

Baba alirudi kutoka Kuwait baada ya miaka minne. Sasa tuna vyumba vyetu viwili Darsait. Mambo yamefunguka, watu wa kwetu wanashuka kwa ndege kila wiki, na Shangazi anawapokea kwa kahawa na kuwahadithia Ramadhani tamu za zamani, sala ya jamaa ilivyokuwa ikisaliwa sebuleni kwake, watu walivyopendana. Wanamwambia mashaallah. Nami nimo, napitisha sahani ya sambusa.

Ramadhani hii nilitandika busati kwetu, nikamwambia Bibi, "Hapa si nyumba ya mtu. Simama katikati." Akanishika shavu. "Salisheni nyinyi. Mie nishazoea kuitikia."

Basi zamani hatukuwa na mlango wetu, lakini tulikuwa na imamu. Leo mlango tunao, na Mama ndiye anayesalisha kwa sauti ya woga. Kila usiku, kuliani kwake, naacha nafasi ya mtu mmoja, na kila usiku Bibi anaipita anakwenda ukutani. Najua safu haiachwi pengo. Anayetaka kuniambia kwamba nimeiharibu sala, aje aniambie.