Kandambili za Mama

Juzi nilimsindikiza jirani zahanati na mwanawe mwenye degedege, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, Chang'ombe. Mdogo wangu alikuwa na homa kali, amekaza meno, chumba kizima kinanuka moshi wa dawa ya kufukiza.

"Mama Zuhura, mwenye degedege hachomwi sindano! Utamuua," bibi alimkemea mama.

"Nisamehe mama, mie nampeleka zahanati."

Nilimwamini bibi, nikaficha kandambili za mama uvunguni ili asitoke. Mama hata hakuzitafuta. Alimkumbatia mtoto, akakanyaga lami ya moto pekupeku.

Sijui kama namtendea bibi haki kuandika haya, maana alishazika mtoto aliyekufa baada ya sindano. Leo nadhani mtoto yule alicheleweshwa tu kupelekwa zahanati. Jioni ile mdogo wangu alirudi akililia uji, na bibi ndiye aliyeukoroga.