Nyuma ya Goli, Al Baraha

Mimi uwanja naupima kwa mambo matatu: shangwe, starehe, na mwenyeji anafaidika nini kwa kucheza nyumbani. Tabia hii niliitoa chuoni. Nilisomea ualimu miaka miwili kwenye chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, na uwanja wetu ulikuwa umeinama kiasi kwamba mpira ukiachwa upande wa mabweni unajiendea wenyewe hadi jikoni. Sisi tulijua namna ya kucheza na mteremko ule. Timu za vyuo vya Pwani zilikuta ukungu na baridi, zikacheza kipindi kizima viganja vikiwa ndani ya mikono ya jezi. Starehe haikuwepo, maana tulikaa kwenye umande hadi suruali zikaloa. Lakini shangwe ilikuwepo, kwani wapishi walitoka na masufuria wakayapiga hadi refa akaomba wapunguze. Miaka yangu miwili hatukufungwa pale hata mara moja, na bado najivunia, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa mchezaji wa akiba.

Sikuwahi kufundisha. Ajira zilichelewa, nikachoka kusubiri, nikaishia kuwa mlinzi kwenye mnara wa ofisi Jumeirah Lake Towers, Dubai. Mwenzangu wa zamu alikuwa Mkenya kutoka Bonde la Ufa. Yeye alipitia chuo cha ufundi huko kwao, na kumbe naye alikuwa na uwanja wake wa kujivunia.

“Mwalimu, nyinyi hamkuwa na kitu,” alikuwa akiniambia. “College yetu iko juu kabisa. Team ikitoka Mombasa, dakika ya ishirini wote wako chini wanatafuta hewa. Hiyo sasa ndiyo home advantage.”

“Hiyo ni hewa, si uwanja,” nilimjibu.

“Na stand je? Sisi tulikuwa na stand ya mabati. Nyinyi mlikalia umande.”

Tulibishana hivyo saa kumi na mbili za zamu. Sir au madam akipita tulinyamaza na kusimama wima, mlango wa lifti ukifunga tunaendelea pale tulipoachia. Sijui kama nimewahi kufurahia mabishano kama yale. Na hayakuishia mapokezini, kwa sababu Ijumaa yeye alikuwa nahodha wa Wakenya na mimi nahodha wa Watanzania.

Wakenya kwao kulikuwa Al Jaddaf, kwenye ardhi ngumu iliyoachwa wazi katikati ya minara inayojengwa. Shangwe ya pale niliipa alama ya kati: spika moja kubwa na vijana kumi wanaoimba juu yake. Starehe ilikuwa kivuli cha kontena moja. Faida yao ilikuwa upepo uliotoka upande wa maji. Waliujua vizuri, wakapiga mipira mirefu iliyopinda angani na kututia aibu.

Kwetu kulikuwa Al Baraha. Wageni walikidharau kiwanja kile, nami siwalaumu. Kilikuwa mchanga mtupu kati ya magorofa ya zamani, magari yameegeshwa pande tatu, magoli ni mabomba ya maji tuliyoyaunga wenyewe. Mpira ukienda chini ya gari, tulilala kifudifudi kuutoa. Kwa starehe nilikipa sifuri. Lakini wanawake wetu wengi walifanya kazi za ndani mitaa ile ile, na Ijumaa walipopewa ruhusa waliweza kuja kwa miguu. Walikuja na chapati, na maharage ya nazi kwenye ndoo zenye mifuniko, wakatuimbia nyimbo za harusi kana kwamba kila kona ni bibi harusi anaingia. Timu ngeni zilichanganyikiwa. Wapo waliosahau kukaba kwa sababu ya kusikiliza.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa mke wa kipa wetu. Kipa alikuwa mtu wa Tanga, fundi wa kufunga majukwaa ya ujenzi, mpole kupita kiasi, alikaa kambi ya mbali na mjini. Mkewe alilala kwa madam wake Al Baraha. Walikuwa nchi moja, mji mmoja, na walionana Ijumaa asubuhi tu, kwa muda wa saa tatu hivi kwa wiki, pale kiwanjani. Simu ya shemeji ilikaa kwa madam tangu Jumamosi. Alirudishiwa Ijumaa akiwa anatoka mlangoni. Hivyo hata kupigiana katikati ya wiki hawakuweza.

Mpira ukianza, shemeji aligeuza ndoo tupu na kuikalia nyuma ya goli la mumewe. Wakaongea. Yeye anautazama mgongo wa mume, mume anautazama mpira, na maneno yanakwenda na kurudi bila haraka: mtoto kule kwa bibi yake amekuwa wa ngapi darasani, paa limefikia wapi, mguu wa mama unaendeleaje. Kipindi cha pili timu zikibadilishana pande, shemeji alibeba ndoo yake akazunguka kiwanja kizima hadi goli la pili. Mara nyingi nilipiga kelele, “Kipa, acha soga!” Naye aliitika, “Naam, nahodha,” kisha akadaka mpira na kuendelea na habari ya mguu wa mama. Ukweli ni kwamba akiongea hivyo alikuwa hafungiki. Mimi niliyejidai kujua viwanja vyote sikuona kilichokuwa mbele ya macho yangu.

Sasa niseme kosa langu. Kulikuwa na mpangaji mmoja pale mnarani, mtu wa heshima, aliyesimamia kiwanja cha nyasi bandia jirani na kituo cha metro. Alikuwa akisikia ubishi wetu akipita, siku moja akatuambia Ijumaa saa tatu hadi saa tano asubuhi kiwanja kiko wazi, tukitaka tucheze. Sikulala vizuri kwa furaha. Nyasi! Viti vyenye vivuli! Maji baridi! Nikatangaza kwamba mechi yetu na Wakenya, iliyokuwa ichezwe Al Baraha, imehamia huko.

Kipa alinipigia jioni ile ile.

“Kaka, samahani. Ijumaa hii ndiyo ya mwisho kwa mke wangu. Familia ya madam wake inahamia Doha Jumapili, na yeye anakwenda nao. Mkataba wangu huku bado miaka miwili.”

“Ndiyo vizuri sasa,” nikamwambia. “Muagane mahali penye kivuli na kiti, si kwenye mchanga.”

“Atafika?”

“Metro ipo, kaka. Kituo kiko hapo hapo, akishuka tu anatuona. Akiwasha simu atakuta maelekezo yako.”

“Wewe ndiye unayekaa upande huo,” akasema. “Inshallah.”

Aliniamini kwa sababu nilikaa upande huo na kwa sababu watu waliniita mwalimu. Lakini mimi sikuwahi kupanda metro Ijumaa asubuhi. Kazini nilipelekwa na basi la kampuni, na mpirani tulichukuliwa na mwenzetu aliyeendesha basi dogo, akatuzoa kwenye kambi zetu zote kuanzia saa moja, kabla wanawake hawajatoka. Sikujua kwamba miaka ile metro ya Ijumaa haikufunguliwa hadi saa saba mchana. Dereva wa teksi angeniambia. Muuza chai angeniambia. Sikumuuliza mtu.

Uwanja wenyewe ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Mpira ulikwenda ulikotumwa. Viti vilikuwa vya bluu, visafi, na havikukaliwa na mtu. Sauti zilizosikika zilikuwa zetu wenyewe, “toa”, “nyuma yako”, pamoja na filimbi ya refa, na nje yake kimya cha watu waliolala mapumzikoni mwao. Nyuma ya goli kulikuwa na wavu mrefu na ubao wa matangazo. Hata angefika, shemeji asingepata pa kuweka ndoo. Kipa aligeuka kutazama nyuma mara nyingi, nami nikamkemea kila mara. Tukaenda mapumziko tukiwa sare, bao moja kwa moja.

Saa nne kasoro dakika chache simu yake ikalia. Alisikiliza akiwa amesimama, glavu kwapani. Kisha akaja kwangu.

“Yuko kituoni kule kwao na wenzake wawili. Wamekuta pamefungwa, wameambiwa hadi saa saba. Teksi anaogopa, hajawahi kupanda peke yake, na hao wenzake hawaji. Madam kamwambia awe ndani saa tano, kuna mizigo ya kufunga na wageni wa mchana. Nikiondoka sasa nitamkuta, kaka. Nitapata hata dakika ishirini.”

Sikuwa na kipa mwingine. Hilo ndilo nililofikiria, naliandika kama lilivyokuwa. Nilifikiria wiki nzima ya kusimama mapokezini na yule Mkenya akinisimulia jinsi walivyotupiga kwenye nyasi nilizozitafuta mwenyewe.

Mkenya mwenyewe alikuwa karibu, akasikia. “Mwalimu, wacha jamaa aende,” alisema. “Sisi pia tutatoa keeper wetu, iwe fair. Ni bibi yake, bana.”

Nikadhani ananichezea akili. Nikamwambia kipa, “Maliza kwanza. Zimebaki dakika arobaini tu, halafu mimi mwenyewe nitakupeleka kwa teksi. Atakusubiri.”

Hakubishana. Laiti angenitukana. Alisema, “Naam, nahodha,” akavaa glavu, akarudi golini. Kipindi kile alidaka mipira ambayo hadi leo sielewi aliifikiaje. Alidaka na penalti. Hakugeuka nyuma tena.

Filimbi ya mwisho ilipolia tulikimbia barabarani na jezi zetu zilizoloa jasho. Teksi ikapatikana, na barabara zilikuwa tupu, ila mji ule ni mrefu. Dereva alituuliza kama tunawahi swala. Kipa akasema ndiyo, maana ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Mimi nilikaa mbele na kuitazama saa ya gari. Saa tano ikafika tukiwa hata nusu ya njia hatujamaliza. Alipiga simu, ilikuwa imezimwa. Hapo nikajua tumechelewa, na nikajua kwa sababu ya nani.

Nyumba ya madam ilikuwa gorofa ya pili, jengo la zamani lenye mlango wa chuma, na ng'ambo ya barabara palikuwa na pipa kubwa la taka la mtaa mzima. Hatukuthubutu kubonyeza kengele. Mwanaume asiyejulikana anayemuulizia mfanyakazi anaweza kumharibia mtu kazi. Tukasimama kwenye kivuli cha gari lililoegeshwa. Nikaanza kuomba msamaha, akaniinulia mkono ninyamaze. Alikuwa anatazama pazia la jikoni, na pazia lilikuwa limetikisika.

Baada ya muda mlango wa chuma ukafunguka, akatoka shemeji na mfuko mweusi wa taka, umejaa, anaubeba kwa mikono miwili. Akavuka barabara. Kipa naye akasogea kwenye pipa. Waliongea kwa muda wa kufungua mfuniko, kutupa, na kufunga, hata hawakugusana, kisha shemeji akarudi ndani. Nikafikiri imekwisha.

Akatoka tena. Mfuko wa pili ulikuwa nusu, aliubeba kwa mkono mmoja. Safari hii mfuniko wa pipa ulikataa kufunguka, wakaushika wote wawili, ukakataa muda mrefu. Nilimwona kipa akitikisa kichwa na shemeji akicheka kidogo huku akijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Juu mtu akaita jina lake, akaitika, “Coming, madam!” akakimbia.

Mara ya tatu mfuko ulikuwa umefungwa vizuri kwa fundo, lakini upepo uliupeperusha pembeni yake alipokuwa akivuka. Haukuwa na kitu ndani. Aliutupa kwenye pipa polepole, kwa uangalifu. Akasema neno moja au mawili, kipa akajibu, shemeji akaingia ndani na mlango wa chuma ukajifunga.

Tulisubiri hadi watu wakaanza kutoka majumbani kwenda msikitini. Hakukuwa na taka nyingine. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia maishani, na nilitamani anipige ngumi mbele za watu pale pale.

“Khalas,” alisema. “Yalla, kaka, twende.”

Tulitembea kuelekea kituo cha basi. Tulipita kwenye kiwanja chetu. Kwa kuwa hapakuwa na mechi, magari yalikuwa yameshaegeshwa hadi katikati, baina ya magoli. Wala hakukitazama. Alikuwa bado ameshika glavu, na alipokumbuka kuwa anazo akaanza kuzikung'uta, ingawa kwenye nyasi za bandia hazikushika mchanga wowote.

“Hivi,” akaniuliza kwa sauti yake ile ya upole, kama mtu anayetafuta la kusema ili mwenzake asione aibu, “mpira uliisha ngapi?”

“Mbili moja,” nikamwambia. “Tulishinda.”

“Hongera, mwalimu,” alisema.