Magunzi ya Khadijo

Khadijo Hared alifanya kazi miaka kumi na minne katika maabara ya shule, akiosha mirija na kuwapimia wanafunzi dawa, hadi alipoambiwa shule haimhitaji tena. Alirudi nyumbani mtaani Galbet na hasira zake, akatafuta mtungi mzito wa chuma.

Magunzi ya mahindi aliyachukua mashambani kando ya mto Tana, ambako wakulima waliyachoma tu. Aliyaponda, akayatia mtungini pamoja na maji ya ukwaju. Asidi ya ukwaju, alinieleza baadaye, ndiyo inayoyavunja magunzi kwenye moto mkali. Mvuke ukipoa ndani ya bomba la shaba, hutoka matone yenye harufu ya lozi, dawa ya kuua minyoo ya mizizi ya nyanya. Wakulima walianza kuinunua, na mtungi ukawa riziki yake yote.

Lakini moto, mtungi, bomba, matone! Galbet nzima ikajua kinachopikwa ni pombe. Lisemwalo lipo, walisema. Nami jirani yake nilisema, na aibu ninayo hadi leo.

Ijumaa moja baada ya alasiri, Mzee Adow, mwenyekiti wa mtaa, alikuja na shoka na wanaume sita.

"Khadijo, bombe kwa mtaa ya Waislamu hapana. Hii mtungi tunavunja leo, wallahi."

Nilidhani atalia. Akashika kiuno.

"Vunja, adeer, ami yangu. Lakini kwanza kaa, uone."

Akatia magunzi na ukwaju mbele yao, akakoleza moto. Kabla ya magharibi matone yakaanza kudondoka.

"Magunzi imeingia sasa hivi, dawa imetoka sasa hivi," akasema. "Pombe lazima ichache kwanza, ama? Inachacha siku ngapi? Mwenye anajua aniambie."

Wanaume saba wakatazama viatu vyao. Nani angejibu mbele ya wenzake, kisha aulizwe alijulia wapi? Mzee Adow aliliokota shoka lake, akaenda zake na wenzake. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Asubuhi Khadijo aliuburuta mtungi kutoka uani hadi kando ya barabara, mkabala na mlango wa msikiti. Anapikia pale hadi sasa. Ukipita ukitaja pombe, atakuuliza swali lile lile, kwa sauti, watu wakitoka kuswali.